Baga nyuma ya gari pale Kapsoit

Leo nimekula baga na mama mkwe wangu. Nisikilizeni kwanza kabla hamjanihukumu.

Mnajua kwetu mwanaume na mama mkwe hawali wakiangaliana. Miaka yote ya ndoa nimeichunga hiyo heshima kama ng'ombe wa maziwa.

Sasa mchana nikapita Kapsoit, kwa lile gari jipya la kuuza baga. Harufu ikanishika shati. Lakini mzee wa kanisa, na tumbo hili, nisimame barabarani nikilamba sosi?

Nikabeba baga yangu nikazunguka nyuma ya gari, mahali hakuna mtu.

Kulikuwa na mtu.

Mama mkwe! Ameketi juu ya kreti ya soda, baga kwa mikono miwili, sosi kwa kidevu. Huyu ndiye hukataa hata chipsi kwenye harusi, eti ni chakula cha watoto.

Nikataka kukimbia.

"Baba Chepkoech," akasema bila kuinua macho, "geuka uangalie shamba la chai. Mimi nitaangalia gari."

Nikageuka. Tukala tumepeana mgongo, kwa adabu zote.

Mpaka msichana anayeuza akachungulia dirishani, akamwita nyanya kwa lugha yetu: "Kogo, ile yako ya pili iko tayari! Pilipili kama kawaida?"

Kama kawaida!

Mama mkwe akakohoa. Mimi nikazidi kuangalia chai.

Mke wangu akiuliza, sikuona kitu. Nyinyi mngesema?