Ngumi ya Fundi

Fundi anayenishonea gauni la harusi hapa mtaani Troyeville hagusi kitambaa cheupe kabla ya kujifuta vidole kwenye suruali, mara tatu, akiimba pambio kwa sauti ya chini. Jana mchana mbawakawa mwenye kichwa chekundu, wa aina inayofyatua maji ya moto akishikwa, aliibuka kwenye mikunjo ya gauni. Fundi akamfumbata. Pa! Kimoshi kikafuka katikati ya vidole. Pa! Pa! Nikapiga kelele, "Mwachie!" Hakumwachia. Alitembea mpaka nje, mdudu akiendelea kulipuka ndani ya ngumi, ndipo akamtupa. Kiganja kilikuwa kimeungua, kina madoa ya kahawia. Yeye akajifuta mkono uleule kwenye suruali, mara tatu, akarudi kulikagua gauni, akauliza, "Robe haikupata doa, dada?"