Hezeli ya Mau Narok

Juzi nilikuna gome la mparachichi wangu hapa Kiamunyi nione kama umekauka. Harufu ya gome bichi ikanirudisha Mau Narok miaka ya hamsini, kwenye shamba la ngano la mzungu, nikiwa kasichana ka kuvuta kamasi.

Mama alikuwa akitunza bustani. Baba alichukuliwa na askari wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowasaka wapigania uhuru, na hatukujua alikopelekwa. Kibanda chetu kilikuwa cha mwenye shamba, na mama hakutaka kukihama hata kwa dawa. Baba akirudi, angetutafuta wapi kwingine?

Memsabu, mke wa mwenye shamba, aliletewa mche kutoka Ulaya, akauita hezeli. Ulikuwa mti wa kutazamwa tu, matawi yamejisokota kama nywele zangu zikifumuliwa. Mama alichimba shimo pana lisilo refu, akatandaza mizizi kwa vidole, akafukia kwa samadi iliyooza na kufunika kwa mabua ya ngano.

"Kama hii miti nakufa, wewe natoka kwa nyumba," Memsabu alimwambia.

Ikaja baridi ile ya kugandisha umande, na mti ukapukutisha majani yote. Kwetu, mti ukiwa hivyo ni kuni. Wanawake wa kambi ya vibarua wakaanza kumpa mama pole. Yeye kila asubuhi alikuna gome kwa ukucha. "Ndani iko kijani," alisema, nami nikapumua.

Asubuhi moja tukakuta vishada vya manjano vimening'inia kwenye matawi matupu kama viwavi. Mama alicheka. Nikajua tumepona.

Wiki hiyo hiyo lori lilikuja. Amri ya serikali ilisema watu wa kabila letu wote waondolewe mashambani. Memsabu alisimama barazani akitutazama.

"Mama, si mti haukukufa?"

"Panda gari, mami."

Kabla ya kupanda yeye, alimwaga maji yaliyobaki kwenye debe pale shinani pa hezeli, taratibu, mpaka tone la mwisho. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, na ganzi hiyo ilikaa miaka.

Baba hakurudi. Kwa muda mrefu niliamini mama alimwagilia kwa kumwogopa Memsabu, hata siku ile ya kufukuzwa. Nilipofiwa na mume wangu ndipo nilipoelewa. Maji yale yalikuwa ya baba, ili akitutafuta pale asikute kila kitu kimekauka.