Ruhusa ya Siku Nne

Bi Jawaher alikuwa katika wiki ya tisa ya eda, anakaa ndani tangu kufiwa na mumewe, Bwana Marhoon, na watu wa Muscat waliotoka Unguja mnawajua: mwenye eda kwao hufanywa yai. Nyumba nzima inanyata. Habari mbaya haimfikii, wala haulizwi maswali. Mkwewe Noof, mke wa mwanawe, anayekaa ghorofa ya juu, kila akimteremshia chakula alikuwa na neno moja tu: "Pumzika, mama." Lo! Bi wa watu akachoka kwa kupumzika.

Aliyekuwa akimchangamsha ni Resty, msichana wa Kiganda aliyekuwa na mwaka wa tatu wa kazi katika nyumba ile. Huyo ndiye aliyemlisha Bwana Marhoon uji kwa kijiko miezi yote ya maradhi yake. Yeye na Bi Jawaher walikuwa wakizungumza Kiswahili, kila mmoja na chake, na kila mmoja akikicheka cha mwenzake. Ukweli usemwe: Bi Jawaher alimpenda, kuliko alivyodhani inafaa kumpenda mtu unayemlipa mshahara.

Jumamosi moja Resty akaingia chumbani analia. Mdogo wake Robinah, anayefanya kazi mji wa Quriyat, amepasuliwa tumbo na hana wa kumpa hata maji.

"Sasa unalia nini?" Bi Jawaher akamwambia. "Chukua nguo zako, kamuuguze mwenzio. Nnakupa siku nne. Jumatano nakutaka hapa."

Alisema hivyo kama alivyozoea kusema kwa miaka arubaini na tano. Neno lake katika nyumba ile likitoka limetoka. Alichosahau ni kwamba zamani, nyuma ya neno lake, alikuwapo Bwana Marhoon na makaratasi yake. Sasa Resty ameandikwa serikalini kwa jina la Khattab, mwanawe, na Khattab yuko kazini Duqm, mbali kabisa, na hapana aliyemwambia kitu.

Siku ya pili Noof akaona jiko baridi. Akampigia mumewe.

"Resty kakimbia."

"Mama anajua?"

"Nimwambie mwenye eda habari kama hizo? Una akili wewe?"

Basi Khattab, hukohuko Duqm, akafungua simu yake akaandikisha taarifa kwamba mfanyakazi wake ametoroka. Kwa dakika kumi tu mtu akawa mtoro mbele ya sheria. Na Bi Jawaher, kwa kumuona Noof anapika mwenyewe wala haulizi kitu, akadhani ameshaijua ile ruhusa. Juu wamenyamaza kwa huruma, na chini amenyamaza kwa kuwa haoni la kusema!

Jumatano Resty alirudi, kama alivyoagana na bibi yake. Alipoteremka tu kituo cha basi cha Ruwi, wakaguzi wakamwomba kitambulisho, wakakitazama, wakamchukua. Alhamisi ndiyo akaruhusiwa kupiga simu.

"Mama, wanasema mimi nimetoroka. Wanataka kunirudisha Uganda na hawatakubali nifanye kazi hapa tena. Mama, si ni wewe ulinituma?"

Bi Jawaher akampigia mwanawe papo hapo aje. Khattab alipofika Ijumaa, mama yake hakumwacha amalize hata salamu.

"Futa ulichoandika!"

"Hakifutiki hivihivi, mama. Ameshakamatwa. Nimewapigia, afisa anataka kumsikia aliyempa ruhusa, kwa mdomo wake. Na wewe umo edani. Watu watasema nini, nakutoa nje kwa ajili ya mtumishi?"

"Watu! Watu ndio watakaonijibia kwa Mola wangu?"

Lakini moyoni aliogopa kweli. Aliogopa kumkosea marehemu. Akampigia Bi Mahbuba, shoga yake anayesomesha wanawake dini pale mtaani, akamwelezea huku analia.

"Jawaher, eda si jela," Bi Mahbuba akamwambia. "Una haja ya kweli, unatoka mchana, unarudi kulala kwako. Na haki ya mtu unaijua wewe peke yako. Kaitoe."

Jumapili asubuhi akavaa nguo yake kuukuu, bila udi wala mafuta, akaingia garini na Khattab. Katika ofisi ya malalamiko ya wafanyakazi afisa, kijana wa umri wa wajukuu zake, alipojua ni mwenye eda akainamisha macho kwenye karatasi kwa adabu.

"Nilimtuma mie," Bi Jawaher akasema. "Nilimpa siku nne. Siku ya nne mmemkamata akiwa anakuja kwangu. Kama kuna aliyekosa ni mie, niliyetoa ruhusa nisimwambie mwanangu."

"Na mimi," Khattab akasema taratibu, "niliyeandika kabla ya kuuliza."

Afisa akaandika, akapiga muhuri. Taarifa imefutwa. Kisha akamgeukia Resty, aliyekuwa ameletwa kutoka mahabusi: anataka kurudi kazini, au kwao?

Bi Jawaher alikuwa ameshamtandikia kitanda. Alikuwa ameshamwambia Noof apike wali wa nazi.

Resty akatazama sakafu. "Nataka kuenda kwetu, Mama. Nimelala siku nne na mlango imefungwa. Saa hii hata nikisikia mtu anagonga, naruka."

"Mie nimekuja kukuchukua, Resty."

"Najua, Mama. Ni wewe peke yako ulikuja."

Mtu angeweza kubembeleza. Bi Jawaher alikuwa na maneno ya kubembelezea, tena mengi, na Resty angelainika, maana alikuwa na moyo mwepesi. Akayameza yote.

"Khattab, pasi yake ya kusafiria."

Khattab akaitoa mkobani. Miaka yote ilikuwa imefungiwa kwenye kasha la nyumbani, ingawa kanuni inasema pasi ya mfanyakazi akae nayo mwenyewe. Bi Jawaher akaichukua, akamkabidhi Resty kwa mikono miwili.

"Utanipigia ukifika?"

"Nitapiga kila Ijumaa."

Basi hapo Bi Jawaher, ambaye hata siku ya maziko alijikaza, akamvuta msichana yule kifuani akalia kwa sauti, mbele ya afisa na mbele ya mwanawe, wala hakujali nani anamtazama.