Debe la Mbegu na Lugha Mbili za Kompyuta

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, hapa Myamba, enzi za kijiji cha ujamaa. Watu arobaini walikuwa bondeni wanachimba mfereji, sisi wanawake tunawapikia makande. Ghala la kijiji nilikuwa nalitunza mimi, msichana mjuaji kweli kweli!

Bibi Nakijwa, aliyenitangulia ghalani, alikuwa amepaka kila debe rangi: hili la chakula, lile la mbegu zenye dawa. Ukileta kisicho cha debe hilo, anakurudisha mlangoni. Mimi nikaona usumbufu.

"Bibi, debe ni debe tu. Tutaangalia kilichomo wakati wa kutumia."

Akaguna, akaniachia funguo, nami nikawa napokea chochote kwenye debe lolote.

Basi siku ile, kwa haraka, nikamimina debe zima la mahindi chunguni bila kuangalia. Yalipochemka, mama yangu mzazi akaonja chumvi. Ndipo nikaona maji yaliyobaki kwenye upawa: mekundu! Mungu wangu, mahindi ya mbegu, yenye sumu ya wadudu! Nilipiga yowe hadi wachimbaji wakapanda mbio. Mama alitapika mchana kutwa, mimi nimemshika kichwa. Alipona, ashukuriwe Mungu, lakini mimi sikupona ule mshtuko.

Sasa jana uliniambia unaandika programu ya kupima dozi za wagonjwa, na kwamba kuna lugha za namna mbili. Moja inataka utangaze mapema kila jina, yaani debe la kuwekea taarifa, limebeba nini, namba au maneno, na ukichanganya inakukatalia kabla programu haijaanza. Nyingine jina lolote linabeba chochote, na kosa linajulikana programu ikiwa kazini, ikishafika penye kosa. Jamani! Nilishtuka nikaacha chai.

Sikukatazi hiyo ya pili. Kwa vikazi vya kujaribu ni nyepesi. Hata mimi chumvi naiweka kwenye kopo la majani ya chai. Lakini dozi ya mtu! Chukua ile inayokagua mlangoni. Nayo usiiamini yote, maana rangi ya debe haijui kama mahindi yameoza. Ukilazimika kutumia ile nyingine, ijaribu programu mwenyewe kwa kuipitisha kila njia, usichoke.

Haya, Mungu akubariki mikono, mwanangu. Akujalie kila kosa lako ulione wewe kwanza, kabla ya mgonjwa.