Mikate ya Ijumaa na Moto Nisiopaswa Kuuwasha

Siku yangu ya kwanza kazini nilizuiwa mlangoni kwa sababu ya chupa ya chai. Ilikuwa mwaka 2015, nami nilikuwa na miaka hamsini na sita, fundi wa mikate niliyekwisha kukanda unga katika jikoni za shule na hoteli za Johannesburg tangu mume wangu aliponileta kutoka Morogoro. Yeye alikuwa mtu wa Afrika Kusini aliyeishi kwetu ukimbizini. Aliporudi kwao nikaja naye, na alipofariki nikabaki na binti yetu Thandi katika nyumba ndogo ya La Rochelle. Basi sikuingia katika duka lile la mikate la Wayahudi, huko mitaa ya kaskazini, kama mtu wa kufundishwa. Nilikuja na aproni yangu, kisu changu cha kukatia unga, na chai yangu.

Mtu mwenye ndevu nyeupe na kofia ndogo ya kitambaa akanisimamisha.

"Ndani ya hiyo chupa kuna nini, Mama?"

"Chai."

"Ina maziwa?"

"Isipokuwa na maziwa si chai, ni maji ya moto," nikamjibu.

Hakucheka. Akanionyesha benchi lililokuwa nje, karibu na mlango wa nyuma. "Kunywa pale. Ukimaliza unawe mikono, uingie. Chupa ibaki nje."

Maneno yao nayaandika kwa Kiswahili, ingawa mabwana wale walizungumza Kiingereza. Huyo mwenye ndevu tulimwita Msimamizi. Hakuwa mwenye duka wala hakuoka mkate. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kinachoingia na kutoka kinafuata sheria ya chakula ya dini yao, na bila yeye ile hati iliyotundikwa ukutani, ambayo wateja wageni waliisoma kabla hata ya kutazama mikate, ingeondolewa. Mikate ya pale haikuwa na maziwa wala siagi, kwa kuwa watu wale hawachanganyi maziwa na nyama, na mkate lazima uweze kukaa mezani penye nyama. Chai yangu ingemwagikia unga, pipa zima lingekwenda na maji. Nilikunywa benchini, nimenuna, nikaingia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa sinki na mayai. Ndiyo, mimi, fundi, nikaosha trei. Mayai nayo yalikuwa na utaratibu wake: kila yai nililipasua peke yake kwenye glasi, nikaliinua penye mwanga, na likiwa na doa la damu likatupwa. Ukipasua mawili pamoja na moja likawa na doa, umeyapoteza yote mawili. Nilidhani ni ushamba. Baada ya wiki mbili nilikuwa nafanya hivyo hata nyumbani, na binti yangu akawa ananicheka.

Miezi mitatu baadaye Mwenye Duka, mtu mfupi mwenye haraka aliyerithi biashara kwa baba yake, akanihamishia meza ya begeli. Hapo nilimkuta Kasongo, Mkongo wa Lubumbashi, mdogo wangu kwa miaka kumi na mitano, na mzee wa kanisa moja lililopanga ghorofa kuukuu katikati ya jiji. Begeli ni mkate wa mviringo wenye tundu katikati, na siri yake ni kwamba huchemshwa kabla ya kuokwa. Unga wake ni mgumu, hamira yake ni kidogo. Unauviringisha kama kamba, unaufunga kuzunguka vidole, kisha unaulaza kwenye friji hadi kesho yake. Asubuhi unazizamisha begeli katika maji yanayotokota yaliyotiwa kimea, yaani sharubati nzito nyeusi ya nafaka iliyooteshwa. Zikielea, zigeuze mara moja, zitoe, zilaze juu ya ufuta au mbegu za popi, ndipo ziende motoni. Asiyechemsha anapata skonzi yenye tundu. Ninyi mnaojifunza mikate kwa kutazama simu, hilo mlishike.

Na utamu wake nao niuseme, maana kuna mafundi wanaoandika juu ya mikate kana kwamba hawajawahi kuila. Ganda la begeli linang'aa, ukiuma linagoma kidogo, halafu ndani unakuta ulaini unaotafunika taratibu. Wateja wetu waliipenda na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Mimi niliipasua ingali moto, nikaipaka parachichi na chumvi, nikatoka nayo kwenye benchi langu. Baada yake nilikula ncha za vikeki vya kukunja vyenye chokoleti na mdalasini, zile zinazokatwa ili trei ipendeze.

"Mama Thandi, weye unakula sawa bwana mukubwa," Kasongo alinitania.

"Mpishi asiyeonja ni mwizi wa muda wa watu," nikamwambia, nikamegea na yeye.

Lakini mfalme wa duka alikuwa kitke. Hilo ndilo jina wanalotumia Wayahudi wa huko kwa mkate wao wa Ijumaa, mkate wa mayai unaosukwa nyuzi sita kama nywele, unaopakwa kiini cha yai mpaka ung'ae. Kila nyumba hutaka miwili kwa chakula cha jioni ya Ijumaa, jua likizama na kazi zote zikikoma kwa Sabato yao. Nilipopewa meza hiyo, mikono yangu iliyosuka vichwa vya watoto wote wa mtaani kwetu haikuhitaji mwalimu. Wateja nao niliwajua kwa mikate yao. Alikuwapo bibi mmoja mwenye fimbo, aliyechukua kitke mbili za ufuta, na kila mara aliugeuza mkate na kuugonga chini kwa kidole, asikilize kama umeiva ndani. Nilimpenda kwa hilo.

Mwaka 2018 nikafika kwenye tanuri. Mkuu wa tanuri alikuwa anaondoka, na Mwenye Duka akaniita pembeni. "Mama, mwisho wa mwezi nafasi hii inabaki wazi. Ukilishika tanuri vizuri wiki hizi, cheo ni chako." Nilikitaka sana. Sikuwahi kuwa mkuu wa chochote tangu nifike nchi ile, nami nilikuwa naukaribia mwaka wa sitini.

Tanuri lile lilikuwa la gesi, na ndani yake kulikuwa na moto mdogo wa kudumu. Moto huo uliwashwa na Msimamizi au na Mwenye Duka, yaani na Myahudi, si mtu mwingine. Ukishakuwapo, sisi wengine tuliongeza na kupunguza tutakavyo. Baadhi ya wenzangu waliona ni ubaguzi. Mimi nililielewa siku ileile. Mama yangu alikuwa Mkristo, lakini nyumbani kwetu Morogoro kukiwa na shughuli, kuku walipelekwa kwa jirani Mwislamu awachinje, ili kila mgeni ale bila wasiwasi. Kuku ni yuleyule na kisu ni kilekile, kinachotafutwa ni mkono. Nilimweleza Msimamizi hivyo, naye kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Basi wewe sina haja ya kukufundisha," akasema.

Ikaja Ijumaa moja ya wiki zile za majaribio. Wakati huo umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu jiji zima. Nilipofika alfajiri ulikuwa umekatika na kurudi, tanuri likiwa baridi, maana umeme ukikatika gesi hujifunga yenyewe na moto mdogo huzimika. Msimamizi hajafika. Trei za kitke zilizosukwa usiku zimejipanga, zimeumuka barabara, na mkate ulioumuka haungoji mtu. Ukichelewa unalala chini kama kitambaa. Nilikuwa nazitazama trei, sikuwa naangalia kidole changu. Kikabonyeza kitufe cha kuwashia kama kinavyobonyeza swichi ya taa nyumbani. Tanuri likawaka. Nikaingiza mikate.

Nilipokuwa natoa trei za mwisho, rangi ya asali, nzuri kuliko zote nilizowahi kuoka, macho yangu yakaangukia karatasi iliyobandikwa juu ya kitufe. Nilikuwa nimeizoea mpaka siioni. Ilisema mtu asiguse. Nikaiweka trei mezani.

Kasongo, aliyekuwa kwenye meza ya begeli, alikuwa ameshaelewa. Akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nyamaza tu. Miye sikuona kintu. Mukate iko muzuri, batu watakula, njo basi."

"Na wewe mzee wa kanisa," nikamwambia.

"Mzee wa kanisa naye iko na batoto. Ukisema, ile kazi ya mukubwa wa tanuri unapoteza. Labda na ingine yote."

Alikuwa anasema kweli, na alisema kwa kunipenda. Msimamizi angefika, ningemwambia moto haukuzimika, na asingekuwa na njia ya kujua. Lakini nilimfikiria jirani yetu wa Morogoro. Ingekuwaje siku moja mama yangu achinje kuku mwenyewe, kwa haraka tu, halafu amwandalie jirani sahani na kumkaribisha kwa tabasamu? Hicho ni kibudu, na mtu hamlishi jirani yake kibudu. Mikate ile mizuri yote ilikuwa hivyo machoni pangu, na niliona aibu kuitazama.

Msimamizi aliingia akihema. "Robot zote za barabarani, taa zote, zimezimika, magari hayasogei. Moto ulibaki?"

"Ulizimika," nikasema. "Nimeuwasha mimi. Na mikate imeiva kwa moto huo, yote."

Hakunifokea; angenifokea ingekuwa nafuu. Alitoka nje na simu yake kuwauliza wakubwa zake, nasi tukamwona kupitia dirishani akienda na kurudi. Alipoingia, Mwenye Duka naye alikuwa amefika. "Mkate si mbaya," Msimamizi akasema. "Ila hauwezi kuuzwa chini ya hati yetu." Akalizima tanuri, akaliwasha upya kwa mkono wake, na mimi na Kasongo tukaanza kukanda unga mwingine. Ile mikate ya kwanza ilipakiwa garini, ikapelekwa kanisani kwa kina Kasongo.

Mwenye Duka akanigeukia. "Eish, Mama. Wateja wanaanza kufika. Wewe umewasha, wewe utasimama kaunta uwaambie."

Unga ukiwa unaumuka nikasimama kaunta, na kila aliyekuja nikamweleza: kitke hakuna mpaka saa tano, kosa ni langu, moto niliuwasha mimi. Bwana mmoja aliniambia maneno ambayo sitayaandika, akaenda duka jingine. Wengine waliondoka mikono mitupu. Kisha akaja yule bibi mwenye fimbo.

"Nani aliyeuona huo moto ukiwashwa?" akauliza.

"Anayepaswa kuuona ni Msimamizi, Bibi, na yeye hakuwapo."

"Kwa hiyo nani amesema?"

"Mimi."

Akaitazama hati ukutani, akanitazama mimi. "Nitarudi saa tano," akasema, na akarudi.

Watu husema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawasemi kwamba cheo hupewa mwingine. Wiki iliyofuata Mwenye Duka aliniambia, "Nakuamini kuliko mtu yeyote humu ndani, Mama. Lakini mkuu wa tanuri ni yule ambaye kidole chake hakibonyezi." Akampa Kasongo. Niliona ni haki, na niliumia vilevile. Sitawadanganya kwamba ukweli ulinishibisha. Nilirudi meza ya kitke, nikamtii Kasongo mwaka mzima na zaidi, hata alipozidisha moto wa chini, na yeye, mtu mwema, kwa miezi kadhaa alishindwa kunitazama usoni akinipa amri. Mpaka nikamwambia, "Amrisha, baba. Tanuri halitaki mtu mwenye haya."

Nilistaafu mwaka 2019. Vijana hunisikiliza wakauliza kama najuta, maana ningekaa kimya ningeondoka na jina la mkuu. Ningeondoka nalo, ndiyo. Ufundi ninao, hakuna aliyeninyang'anya, na kitke yangu ya nyuzi sita naisuka huku nimefumba macho. Lakini ufundi wetu unaliwa na watu wasiotuona tukiufanya. Anayekula hana ushahidi mwingine ila neno lako, na mimi neno langu nililiacha pale likiwa zima.

Ijumaa ya kwanza baada ya kustaafu, yule bibi mwenye fimbo alinialika kwake. Binti yangu akanipeleka kabla jua halijazama. Nilikuta meza ndefu, watoto na wajukuu zake wamejaa, na kitke mbili zimefunikwa kitambaa cheupe. Nilikaa ukingoni mwa kiti, sijui niweke wapi mikono. Bibi alininyooshea kidole, akawaambia wote kwa sauti, "Huyu ndiye Mama aliyetunyima mkate."

Wakageuka kunitazama, na hakuna uso hata mmoja uliokuwa na swali. Kumbe habari ile ilishasimuliwa mezani pale mara nyingi. Mkate ukaombewa, ukakatwa, ukatiwa chumvi. Nikapokea kipande changu, nikakigeuza nikakitazama chini kabla ya kula: palikuwa peusi kidogo. Kasongo bado anazidisha moto wa chini.