Siku Baba Alipokata Atomu

Naikumbuka, mwanangu, siku baba yangu alipokuja shuleni kunitoa masomoni. Tulikuwa tukikaa Mwenge, enzi za Ujamaa, na yeye alikuwa mchongaji wa vinyago vya watu waliobebana, aliyetoka kusini na patasi zake. Kusoma hakusoma, lakini alishika jambo moja: mtu mzima akishasema, habadili neno.

Mwaka uliotangulia, mwalimu wetu wa sayansi alimwomba atuchongee atomu, maana shule zilihimizwa kujitegemea na vifaa vya dukani havikupatikana. Atomu ni chembe ndogo sana inayojenga kila kitu, hata hiyo kucha unayoitafuna. Mwalimu alimweleza kama wataalamu wa zamani walivyoamini: tufe gumu, lisilogawanyika. Baba akachonga tufe la mpingo, akalisugua hadi likang'aa, na mtaa mzima ukajua fundi ana kitu chake shuleni. Mimi nilitembea kifua mbele, usiniulize.

Kisha mwalimu yule akahamishwa, akaja Mwalimu Felista, binti wa Bukoba, mpole lakini hapindishi maneno. Akatufundisha kwamba tufe lile lilikuwa mwanzo tu. Baadaye mtaalamu mmoja aligundua kuwa ndani ya atomu mna vijichembe, akaifikiria kama kashata yenye njugu. Mwanafunzi wake naye akaja kuona kwamba atomu karibu yote ni tupu, na katikati mna kiini kidogo mno. Jioni nikayasimulia nyumbani kwa furaha. Baba akaacha kula.

"Shule inayosema hivi leo na vile kesho, hiyo inafundisha uongo," alisema. "Kesho nakuja kukutoa huko. Utasugua vinyago na mama yako."

Nililala nikilia, maana nilimjua.

Asubuhi akaingia darasani na kapu lake la kazi begani. "Nimefuata vitu vyangu viwili," akasema. "Tufe na binti."

"Shikamoo mzee." Mwalimu Felista akampa kiti, akamkabidhi tufe lake mkononi. Kisha akamuuliza, "Mzee, ukianza kuchonga gogo, unawaona watu wote waliomo?"

Baba akiulizwa habari za kazi, hasira humpoa hata asipotaka. "Aa, wapi. Kwanza naona gogo tu. Nikichimba naona bega. Nikizidi, naona mtoto mgongoni."

"Pale ulipoona gogo tu, ulikuwa unadanganya?"

"Mie? Nilikuwa sijafika ndani."

Baba akaligeuza tufe mkononi muda mrefu. Nilijua alivyolipenda, na roho iliniuma. Mwishowe akaliweka juu ya dawati langu, akatoa msumeno kapuni, akaniambia, "Lishike."

Akalikata. Mpingo si ndizi, mwanangu; jasho lilimtiririka darasa zima likimtazama. Lilipogawanyika, akafukua nusu moja kwa patasi mpaka ikawa kama bakuli, akaomba punje ya mtama, akaiweka katikati.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, mzee. Ila punje hiyo bado kubwa mno. Atomu ingekuwa uwanja wa mpira, ndipo kiini kingekuwa punje hiyo."

Baba akacheka. Akakusanya vifaa vyake, akaondoka peke yake.

Na wataalamu hawakuishia hapo. Nilipokuwa mwalimu nilifundisha kwamba vile vijichembe vilivyo nje ya kiini havizunguki kwa njia moja kama watoto wanaozunguka nyumba. Vimetanda kama wingu, huwezi kunyoosha kidole ukasema kipo hapa. Ile nusu isiyofukuliwa ninayo mezani hadi leo. Mwanzo wa ngoma ni lele, na bila tufe lile baba asingekuwa na cha kukata.

Basi, mwanangu, usimcheke aliyesema kwa kadiri alivyoona, wala usione haya kukiri kwamba ulikuwa hujafika ndani. Lakini kabla hujabadili neno lako, chimba kwanza. Anayegeuka bila kutoa jasho ni bendera, hufuata upepo. Baba yangu aliikata kazi ya mikono yake ili mimi nibaki darasani, na mapenzi makubwa kuliko hayo sijayaona.

Mungu akujalie jicho la kuona na mkono usioogopa msumeno. Na akupe mtu wa kukushikia tufe unapolikata.