Simu ya Ng'ambo Yanyamaza Usenge

Juzi nilikuwa kwa fundi wa simu pale Mamboleo wakati mama mmoja, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Usenge, alipoweka juu ya kaunta simu mpya ya kung'aa. Mwanawe aliye ng'ambo ndiye aliyemtumia.

"Hapa mjini inashika mtandao, nyumbani inakufa," alisema. "Sasa kijana anapigia mke mwenzangu, kwa kile kikabambe chake, kisimu cha vitufe. Nimezaa mimi, anaongea yeye!"

Fundi aliigeuza simu. "Mama, haijaharibika. Mnara wa kwenu bado ni 2G, ule mtandao wa zamani. Hii imetengenezewa mitandao mipya peke yake. Kabambe ndiyo inaelewana na mnara wenu."

Mama aliifunga simu kwenye leso polepole, machozi yakimlengalenga. "Wanacheka naye mpaka nasikia kwangu." Kisha akanyooshea kidole kabambe zilizopangwa ndani ya kabati la kioo.

"Kati ya hizi, gani inalia kwa sauti kubwa kuliko zote? Nataka na yeye asikie kwake."

Fundi akazijaribu moja moja. Sisi wateja wengine tulisubiri, na hakuna aliyethubutu kusema ya kwanza ilitosha.